Tupeane uzoefu: ujumbe wa kosa uliowahi kukuacha mdomo wazi

Mleta mada
Wakuu, naanza mimi. Niliunda programu ya kusajili wagonjwa, mtu akikosea inamwandikia "Ingizo batili". Nikajiona fundi, tena kwa Kiswahili! Siku ya kwanza tu dada wa mapokezi akanipigia: "Kaka, inasema batili, nimfute mgonjwa?" Kumbe kaandika namba ya simu yenye nafasi katikati. Nikabadilisha: "Andika namba ya simu bila kuacha nafasi." Baadaye nikaona hata huo ni uvivu wangu namtwisha yeye. Sasa programu inaziondoa nafasi yenyewe, kimya kimya.

#2
Yangu ni ya printa. Iliandika PC LOAD LETTER. PC nikajua kompyuta, letter nikajua barua, nikaanza kutafuta barua gani haijachapwa 😂 Kumbe PC ni trei ya karatasi, load ni weka, na Letter ni saizi ya karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279. Trei yetu imejaa A4, 210 kwa 297. Ofisi nzima hakuna aliyewahi kuiona hiyo karatasi.

#3
Mnakumbuka kompyuta za miaka ya 90, "illegal operation", yaani kitendo kisicho halali? Bosi wangu alichomoa waya ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ataletewa barua ya polisi. Maana yake ni kwamba programu imempa prosesa amri isiyokubalika, basi.

#4
Mkuu #3 umeniua. Yangu haichekeshi. Mfumo wetu wa malipo ulikuwa unaandika "Muamala umeshindikana" hata pale ambapo benki imechelewa tu kujibu. Wateja wanabonyeza tena, wanakatwa mara mbili. Hatukuwa tunajua kama umeshindikana! Sasa tunaandika: "Benki haijatujibu. Usilipe tena kwanza, angalia salio lako."

#5
Nakaa dawati la huduma kwa wateja, niwapinge kidogo. Msifute namba za makosa kwa kisingizio cha lugha nyepesi. "Samahani, kuna hitilafu, jaribu baadaye" ni adabu tupu. Baadaye lini? Nikisomewa namba na saa, naikuta kwenye kumbukumbu za seva dakika hiyo hiyo.

Mleta mada
#5 nakubali, ila namba ikae chini, kwa herufi ndogo. Yule dada angenisomea hiyo kwanza.

#6
Na "jina au nenosiri si sahihi", mbona haisemi ni lipi?

#5
Hiyo ni makusudi mkuu. Ikitaja, mwizi anajua jina lipi lipo.