Naombeni ushauri: komedi ya ujasusi ya kuangalia na wazee

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie. Wikiendi hii ukoo tunakutana kwa mzee na mimi ndo nimepewa kazi ya kuchagua muvi, na nazipenda sana zile za mtu wa kawaida tu anajikuta kwenye mambo ya majasusi bila kujua limetoka wapi. Nipo njia panda kati ya mbili.

Kuna Central Intelligence ya 2016, Kevin Hart ni mhasibu kachoka na kazi yake, The Rock alisoma naye sekondari, anamuomba tu amwangalizie mahesabu flani kwenye kompyuta, kumbe ndo kashaingia, asubuhi CIA hao mlangoni. Vijana watacheka ila ina maneno ambayo mbele ya mama sitaweza kukaa.

Nyingine ni ya Wafaransa ya 1972, Le Grand Blond avec une chaussure noire, Pierre Richard mpiga fidla, anateremka airport kavaa kiatu kimoja cheusi kingine cha kahawia, basi majasusi wanamchagua yeye awe chambo, wanamtegea vinasa sauti nyumba nzima na mwenyewe wala hana habari! Kwangu hii ndo bora zaidi, ila mzee macho hayawezi kufukuzana na maandishi ya chini.

Sasa kwa mliowahi kuangalia na wazazi, niende na ipi? Au kama kuna nyingine ya aina hii isiyo na matusi, hata iliyotafsiriwa na madijei wetu, nitajieni jina tafadhali.