Daktari kaniambia barua ya mapendekezo nijiandikie mwenyewe yeye asaini, nifanyeje?

Binti_wa_Ng'ombe: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana wiki nzima usingizi hauji. Naaplai udaktari wa wanyama hapa Marekani kupitia VMCAS, ule mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi vyuo vingi kwa pamoja, barua zinatakiwa zisipungue tatu na mwisho sita, na vyuo vingi kwenye listi yangu vinataka angalau moja itoke kwa daktari wa wanyama. Sasa daktari ninayemjua kiukweli ni mmoja tu, nimejitolea kwenye kliniki yake mwaka na nusu, nimeshika mbwa wakitolewa damu, nimefua mataulo mpaka vidole vimechanika, na siku moja alinipa stethoskopu yake nimsikilize paka mzee hadi nikausikia mwenyewe ule mvumo wa moyo. Nikamwomba barua akasema haina shida, juzi ananiambia "andika wewe, mimi nitasaini". Dedilaini ni katikati ya Septemba. Mwingine niliyemfikiria ni profesa wa kemia ogania, nilipata A kwake ila darasa lilikuwa la watu mia mbili, sidhani hata sura yangu anaijua.

MzeeWaKwato: Usiandike mdogo wangu. Kwanza mambo ya kusaini karatasi yalishapitwa, linki inatumwa kwenye imeili yake, anaingia mwenyewe, anajaza fomu ya kukupima na kupakia barua. Ukiingia kwa niaba yake huo ni udanganyifu, ukigundulika umekwisha. Halafu mtu akisema "andika wewe" mara nyingi hajakataa, hana muda tu na hajui aanzie wapi. Mpe pa kuanzia: karatasi moja yenye tarehe uliyoanza, masaa, kazi ulizofanya na visa vitatu vinne ambavyo na yeye alikuwepo. Huyo paka aanze.

pundamilia_07: Mnamtisha bure, watu kibao wanajiandikia na maisha yanaenda.

MzeeWaKwato: Wanajiandikia ndiyo, na barua zao zote zinafanana na maelezo binafsi ya mwombaji, maneno yaleyale. Anayesoma mafaili kutwa nzima hilo haliwezi kumpita.

Dr_mtarajiwa: Huyo wa kemia achana naye. Ataandika "alipata A", kitu ambacho transkripti imeshasema. Bora mwalimu aliyekupa B ila ulikuwa unamgongea mlango kila wiki.

Binti_wa_Ng'ombe: Duh, basi yupo wa maabara ya anatomia, kwake nilipata B+ lakini nilikuwa nabaki baada ya kipindi kusafisha vifaa na tunapiga stori.

Dr_mtarajiwa: Huyo huyo dada, usizunguke. Mfuate ana kwa ana, na usimuulize "utaniandikia?" maana hapo kila mtu anasema ndiyo, muulize "unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzito?" halafu nyamaza. Akianza kuzungukazunguka shukuru uondoke.

mama_kuku: Mimi raundi ya kwanza niliumia, mmoja wa waandishi wangu linki yake iliangukia kwenye spamu, mimi nimetulia najua katuma, kumbe wapi. Nilikuja kustuka zimebaki siku nne na yeye yuko likizo. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako uangalie hali ya kila barua, mpe mtu wiki sita mpaka nane, katikati mkumbushe kwa adabu, na mwambie tarehe ya wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Tena utaulizwa kama unaachia haki ya kuisoma barua, achia, isiyoachiwa inasomwa kwa mashaka.

Binti_wa_Ng'ombe: Mrejesho wakuu. Leo nimeenda nikamkuta anamfunga paka uzazi, nikasubiri mpaka amalize kushona, nikamwambia siwezi kujiandikia ila nitamletea karatasi yenye kila kitu. Akacheka ndani ya barakoa, akasema "lete Ijumaa, na masaa yako uyajumlishe wewe, mimi hesabu sitaki". Na yule wa anatomia kakubali hata sijamaliza swali. Swali la mwisho, masaa ya kufua mataulo nayo niyaandike?

MzeeWaKwato: Yaandike, ulikuwa kliniki chini ya daktari. Ila kwenye karatasi yake mataulo mstari mmoja, paka mistari mitano.

mama_kuku: Na imeili yake iandike sawasawa, herufi kwa herufi!