Magari yangu ya waya yamegeuzwa "video za watoto", komenti zote kwisha habari yake

Wakuu, nimejizuia wiki nzima, leo acha niseme.

Mimi natengeneza magari ya waya. Yale yale tuliyosukuma utotoni: Scania la waya, matairi ya malapa yaliyokatwa kwa wembe na kusuguliwa kwenye saruji mpaka yakawa duara. Kwenye video inaonekana mikono yangu tu, na alama za plaizi. Narekodi Jumapili nikishafua. Sijawahi kulipwa hata mia.

Jumatatu nafungua chaneli kwenye mtandao fulani (jina naliacha), nakuta video 31 zimepigwa alama ya "kwa ajili ya watoto". Sikuziweka mimi. Mashine imeona kigari, imeamua hii ni chekechea! Komenti zimefungwa, kengele ya kuwajulisha wafuatiliaji imekufa.

Sasa wanaonitazama ni akina nani? Wababa wenye vitambi. Kuna mzee tulibishana naye siku tatu kuhusu usukani: yeye anasema kijiti kirefu cha mwanzi kifungwe kwenye ekseli ya mbele, mimi nasema kipite katikati ya bodi. Akanielekeza hatua kwa hatua, nikabomoa, nikaanza upya, na kweli gari likakata kona. Maelezo yake yote yalikuwa kwenye komenti. Hayaonekani tena, na simu yake sina.

Nimefuatilia chanzo. Marekani wana sheria inaitwa COPPA, ya mwaka 1998: mtoto chini ya miaka 13 usichukue taarifa zake mtandaoni bila mzazi kukubali. Hapo sina ugomvi kabisa, nami ni mzazi. Septemba 2019, Google na YouTube wakakubali kulipa dola milioni 170 kwa sababu taarifa za watoto zilikuwa zinakusanywa ili kulenga matangazo. Safi, walipe. Ila kuanzia Januari 2020 mzigo ukashushwa kwa anayepandisha video: sema mwenyewe hii ni ya watoto au siyo. Ukikosea, tume yao ya biashara, FTC, ilikuwa inataja faini ya hadi dola 42,530 kwa kila kosa. Dola, wakuu! Mimi hata plaizi nimeazima.

Kinachonichoma ni hiki. Taarifa za watoto mimi nazichukulia wapi? Anayejua umetazama nini saa ngapi ni mwenye mtandao, mimi naona idadi tu. Halafu nikisema "ya watoto" nafungwa mdomo, nikisema "siyo" nimejiwekea kitanzi. Na FTC wenyewe walishaandika kwamba video kuwa na rangi kali au katuni haimaanishi moja kwa moja ni ya watoto. Lazima uangalie mada, muziki, lugha, umri wa wanaoonekana, imelenga nani. Mikono yenye makovu inaongea Kiswahili cha mtu mzima kuhusu ekseli, mtoto yuko wapi hapo?

Wakubwa wao wanajua pa kutokea. Disney mwaka 2025 walikubali kulipa dola milioni 10 kwa madai kwamba baadhi ya video zao za watoto hazikuwekewa alama hiyo. Wanalipa, maisha yanaendelea. Sisi wa Jumapili tunachujwa na roboti.

Na msije kuniambia "weka tu siyo ya watoto". Nimeweka. Imerudishwa na kufuli juu, kitufe hakibonyezeki.

Nimekata rufaa mara mbili. Jibu la kwanza lilikuja ndani ya dakika moja, la pili ni lile lile neno kwa neno, hata nukta. Kuna yeyote humu aliyewahi kujibiwa na binadamu? Aliandika nini, kwa Kiswahili au Kiingereza? Scania lenyewe liko mezani, nusu, bado tela.