Msaada: miche mitatu ya "krismasi" imekuwa miti mitatu tofauti, na mmoja hautoi maua

Baba Kija wa Buhongwa
Wakuu, habari za jioni. Miaka sita iliyopita nilinunua miche mitatu kando ya barabara hapa Mwanza, muuzaji akaniapia yote ni mikrismasi. Wa kwanza, pale getini, umetoa maua ya zambarau. Wa pili una maua ya rangi ya chungwa iliyokolea, makubwa kama vikombe, na watoto wanachuma yale ambayo hayajachanua wanayaminya na kurushiana maji. Wa tatu ndio kesi. Majani kama manyoya, kivuli safi, ua hata moja sijaliona, na mizizi imeanza kuinua pevingi. Mama watoto anasema Jumamosi fundi aje na msumeno. Mama mzazi naye ndiye anayeumwagilia na kuuwekea samadi, na hapo chini ndipo anapochambulia dagaa. Mniokoe.

Sangara Mkavu
Kata mti, mama atakuzoea. Au hama wewe 😂

Mtunza Kitalu
Mkuu, mpuuze huyo. Wa getini ni jakaranda, asili yake Amerika ya Kusini. Subiri matunda yake: ni ya duara, bapa, yakikauka yanapasuka pande mbili. Wa vikombe unaitwa Nandi flemu, wenzetu Waganda wanauita kifabakazi. Huo ni wa Afrika hii hii. Mti wake ni laini, matawi hukatika upepo ukivuma, kwa hiyo usiegeshe gari chini yake.

Wa tatu siusemi mpaka uangalie kitu kimoja. Jakaranda na krismasi zikiwa hazina maua zinawachanganya hata wauza miche (ndiyo maana ulipigwa). Chuma jani, tazama vile vijani vidogo kabisa. Ncha zimechongoka au ni za mviringo?

Baba Kija wa Buhongwa
Nimetoka na tochi. Mviringo zote. Na pale kikonyo kinaposhikana na tawi kuna vitu kama vijimanyoya.

Mtunza Kitalu
Basi muuzaji alisema kweli kwa mmoja. Huo ni krismasi, uliotoka Madagaska, na siku ukizaa utaona mapanga marefu meusi watoto wakipigania.

Kutotoa maua si ajabu. Uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka mingi kabla ya ua la kwanza. Lakini samadi na maji ya mama vinauchelewesha zaidi: mti ukishiba hivyo unakazana na majani. Unapenda jua kali na kiangazi cha kweli. Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zianze, asiumwagilie kabisa. Samadi aihamishie kwenye migomba. Na usipunguze matawi mwezi wa tisa au wa kumi, utakata maua yenyewe.

Mama Wawili Igoma
Jamani mbona hamuulizi la mizizi? Mizizi ya krismasi haiendi chini, inatambaa. Na huku kwetu chini ni mwamba tu, itaenda wapi? Baba Kija, karo la maji machafu liko wapi?

Baba Kija wa Buhongwa
Hatua nne.

Mtunza Kitalu
Aisee. Hilo ulilificha. Dada Igoma yuko sahihi, nami nilikimbilia maua. Hatua nne ni karibu mno, na karo lina unyevu unaoita mizizi. Usidanganywe ukate mizizi ya upande mmoja ili ubakize mti, utakosa nguzo upande huo na upepo wa mvua utaulaza juu ya paa. Mimi ningeuondoa. Ila panda mwingine kwanza, hatua kumi na mbili au zaidi kutoka ukuta na karo, kisha huu uufyeke polepole, tawi kwa tawi.

Baba Kija wa Buhongwa
Nimemsomea mama. La karo kalielewa. La kuacha kumwagilia ndilo limemuudhi, anasema mti na mgeni huwezi kuvinyima maji. Mama watoto ameahirisha fundi. Kesho napima hatua kule nyuma ya banda la kuku.