Wateja wangu wa bekari wanataka kuchangia mkate wa wahitaji. Hela zao niziweke vipi?

BekariMajengo:

Asalaam aleikum, na habari zenu wote.

Nina bekari ndogo huku Majengo, Pumwani, Nairobi, karibu na Digo Road. Tanuri ni moja la deki mbili, mashine ya kukandia moja, vijana wawili wa kazi. Gunia la unga la kilo 50 hunitolea mikate kama 180 ya gramu 400, na siku ya kawaida gunia moja ndilo tunalomaliza, mbali na skonzi na mahamri.

Tangu nifungue, kila alfajiri hutenga mikate 12 kabla ya kuanza kuuza. Mingine huenda kwa wazee wanaoishi peke yao kwenye nyumba za zamani za udongo hapa nyuma, mingine madrasa ambayo watoto wake wengi hufika bila chai, na mara nyingine mmoja au miwili kwa mama aliyetoka kujifungua hapo hospitali ya Pumwani na hana ndugu mjini. Naitoa asubuhi, si jioni. Hilo nalishikilia sana: mkate wa sadaka utoke tanuri lile lile na saa ile ile na ule wa kuuza. Ukibaki wa jana nauza kwa bei ya chini na namwambia mteja ni wa jana. Simpi mzee mkate ambao mwenye pesa ameukataa.

Hiyo ni sadaka yangu na sikumwambia mtu. Lakini kijana wa mkokoteni anayenisaidia kupeleka amewasimulia watu, na wema wao umenizidi. Mkate ni sh. 60, mtu anatuma 100 na kusema, "Hiyo inayobaki iende kwa wale wazee." Mwenye duka ninayemuuzia kwa jumla anataka niongeze sh. 5 kwa kila mkate na kuandika ukutani kwamba ni za wahitaji. Mwingine ameniletea kikopo chenye mfuniko na tundu, ati nikiweke kaunta.

Hofu yangu ni hii. Pesa zote zinaingia namba moja ya Lipa na M-Pesa, ile ile ya unga na stima. Jioni nikifunga hesabu sijui ipi ni ya nani, na hii ni amana. Mungu akinichukua usiku huu, nani atajua kwamba mia nne kati ya zile ni za wazee?

Bei nayo sitaki kuigusa. Sh. 5 kwa mikate hata 150 tu ni sh. 750 kwa siku, si haba, lakini zingetoka mfukoni kwa mama mwenye watoto wanne ambaye siku nyingine huja kuomba nimkatie nusu. Mnakumbuka Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa hata kabla ya mswada wenyewe kuanguka, kwa jinsi watu walivyopiga kelele. Mkate hapa Nairobi ndio chakula cha asubuhi cha asiye na kitu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: mnatenganisha vipi hela za wateja na za biashara? Na mambo haya niyatangaze au ninyamaze?

MhasibuUmoja:

Waaleikum salaam dada. Kwanza, usipokee tena hata shilingi ya mchango kwenye namba ya biashara.

Mikate 150 kwa sh. 60 ni sh. 9,000 kwa siku. Hata ukitoa punguzo la maduka, kwa mwaka unapita milioni 1, kwa hivyo kama bado hujaingia kwenye TOT, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, jiandae. Ni asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inatozwa kwenye mauzo yote. Unga haupunguzwi, mshahara haupunguzwi, wala sadaka. Mteja akikuachia arobaini ya wazee kwenye namba ile, kwenye rekodi inaonekana umeuza. Utailipia kodi, na siku ukiulizwa huna karatasi ya kuonyesha kwamba haikuwa yako.

Kikopo nacho kiweke kando kwanza. Kuna sheria ya michango ya hadhara, Sura ya 106, na anayekusanya pesa kwa umma anatakiwa kuwa na kibali. Kama mtaa una nia ya kuchanga kweli, undeni kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Mkishasajiliwa mfungue akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na wewe usiwe mweka hazina. Wewe ndiye unayewauzia mkate, huwezi kushika na mfuko.

TanuriKawangware:

Mama, hongera. Hapo pa kutompa mzee mkate uliokataliwa umenigusa sana.

Mhasibu amesema kweli, ila kikundi huchukua muda na wateja wako wanataka kutoa leo. Mimi nakushauri usipokee mchango kabisa. Uza mkate. Uturuki wana desturi ya zamani: mtu anafika kwa mwokaji, analipia mikate miwili, anaondoka na mmoja. Wa pili unabaki pale kwa jina la yeyote atakayeuhitaji. Mimi nimetumia ubao wa mbao wenye misumari. Mteja akilipia mkate wa kuacha, natundika kikadi mbele yake. Mkate ukitoka, kikadi kinashuka na kuchomwa kwenye msumari wa upande wa pili. Jioni yeyote anaweza kuhesabu.

Hapo ile pesa ni mauzo halali, TOT yake ni ya haki, na deni lako si la shilingi tena, ni la mikate. Anayetoa arobaini mwambie aongeze ishirini, au amtafute mwenzake wakamilishe.

Kitu kingine ambacho hukuuliza. Ile mikate ya alfajiri usiifunge kwenye nailoni ikiwa moto. Inatoa jasho ndani na mzee akiuweka mpaka kesho anakuta ukungu. Iache ipoe hadi katikati, hata kama kijana wa mkokoteni analalamika. Ukimpelekea mtu anayeuhifadhi mwambie pia asiuweke kwenye friji, maana huko ndiko mkate hukauka upesi zaidi.

MleziKayole:

Mwanangu, mimi nimefanya kazi kwenye makao ya watoto hapa Kayole, kwa hivyo nazungumza kama mpokeaji.

Desemba tulikuwa tunaletewa mikate na keki mpaka tunagawia majirani. Februari, ada za shule zimewamaliza watu, hakuna anayebisha mlango. Kwa hivyo vikadi vya Desemba usivimalize Desemba. Andika kwenye ubao kwamba vingine vitatolewa mwaka mpya, watu wa kweli watakuelewa.

La pili, wakija watu kukushauri uache wazee upeleke kila kitu kwenye makao makubwa, usikubali. Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Mtoto anaporudi, mara nyingi anayempokea ni nyanya, na huyo nyanya hana mfadhili wala picha ya kupigwa. Huenda ni mmoja wa wale wazee wako. Muulize analala na wajukuu wangapi. Mkate mmoja haumtoshi.

BekariMajengo:

Nawashukuru sana, Mungu awalipe. Mama Mlezi, nimeuliza leo hii hii. Mmoja wao ana wajukuu watatu na alikuwa anaukata mkate ule vipande vyembamba ili ufike jioni. Kuanzia kesho anapata miwili.

Nimeamua hivi. Kikopo nimemrudishia mwenyewe kwa heshima. Ubao nimemwagiza fundi hapo Gikomba. Mkate wa kuacha nitauuza sh. 50, faida yangu ikae nje, ila mshahara wa vijana ubaki ndani kwa sababu jasho ni lao. Zile pesa ambazo watu walikuwa wamenitumia nimezipitia kwenye ujumbe wa simu, mmoja mmoja, nimeziandika kwenye daftari na nitazigeuza vikadi mbele ya wenyewe.

Na kuhusu kutangaza: ubao ni wa wateja, ukae wazi kila mtu ahesabu. Mikate yangu 12 haitaingia kwenye ubao huo, na kijana wa mkokoteni nimemwomba asiisimulie tena. Kikundi tutakijadili na majirani. Tuko saba mpaka sasa, kwa hivyo aliye Majengo au mtaa jirani wa California na anasoma hapa, apite dirishani.