Koti la sare ya wanaanga lenye matuta: sponji, pamba ya poliesta au blanketi?

Uzi_Mweupe: Habari wakuu. Koti ni la jukwaani: kitambaa cha gabadini ya kijivu, kola ya kusimama, kifua na mabega vina mistari ya kulala, kila baada ya sm 2.5. Ndani niweke nini ili matuta yainuke kati ya mistari?

Fundi_Magomeni: Kwa muonekano, sponji ya mm 5. Matuta yake yanaonekana hata kutoka viti vya nyuma. Ila usiishone uchi, meno ya cherehani yataitafuna. Ibane katikati ya gabadini na kitambaa chepesi cha pamba. Sindano namba 16, mshono mm 3.5, punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani.

BitanaTu: Mkuu, kwa joto la Dar la Januari unamfungia mtu kwenye godoro! Pamba ya poliesta ya gramu 100 kwa mita ya mraba inatosha, na sindano 14 inapita. Kariakoo ivute kwanza kwa vidole: ikiachia nyuzi kirahisi, ukifua itajikusanya madonge. Usiikandamize kwa pasi, ikilala haiinuki. Blanketi sahau, ni zito na tuta linatoka bapa.

Fundi_Magomeni: Kwa joto nakubali. Basi kwapani na ubavuni abaki na gabadini tupu.

Uzi_Mweupe: Nikate vipande kwanza au nishone mistari kwanza?

Mama_Cherehani: Mistari kwanza, mwanangu. Hapa ndipo makoti mengi yanapobana. Mistari ya kulala inakula urefu, ya kusimama inakula upana. Shona sampuli ya sm 20 kwa 20 kwa vitu vilevile, kisha pima. Ikirudi sm 19, kipande cha sm 60 kitapoteza sm 3. Ongeza hizo, na sm 2 kila ukingo, shona mistari, ndipo ukate kwa kipimo halisi.

Anza mstari wa katikati, uende juu, kisha chini, na yote ishonwe kuelekea upande mmoja. Ukienda na kurudi kitambaa kinajipinda na matuta yanapata mikunjo ya mshazari.

BitanaTu: Na kabla ya kuunganisha, fumua mshono sm 1.5 pembezoni, ukate pamba ya hapo, ufunge nyuzi. Ukiiacha, bega linavimba na zipu inakaa mawimbi. Kola isiwe na pamba kabisa, weka kitambaa kigumu cha kugandisha kwa pasi.