Mrejesho: kalkuleta ya mezani ya taa za Nixie imewaka (Tanga)

Wakuu, habari zenu. Niliomba msaada kuhusu kalkuleta ya umeme ya marehemu babu, aliyoitumia kwenye ofisi ya shamba la mkonge. Ilikuwa inavuma tu, hakuna tarakimu kwenye taa zake za Nixie (taa za kioo zinazoonyesha namba). Asanteni sana nyote mliojibu.

Aliyenionya nisiichomeke tena kabla ya kukagua kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) ndiye aliyeiokoa. Fundi wa redio hapa Ngamiani alikuta kapasita kubwa za upande wa umeme zimekauka, moja imevimba. Akabadilisha, kisha akaiwasha kwanza kupitia balbu ya kawaida iliyounganishwa kwenye waya mmoja wa umeme ili izuie umeme mwingi kama kuna hitilafu, kama mlivyoshauri. Tahadhari kwa atakayefuata: taa za Nixie huhitaji kama volti 170 kuwaka, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa. Usiingize mkono kwanza.

Na jamani, zinapendeza! Kila taa ina tarakimu 0 hadi 9 za waya, zimepangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya gesi ya neoni. Hesabu ikibadilika, namba zinasogea mbele na nyuma kwa rangi ya chungwa. Nimekaa nikijumlisha ovyo ili nizitazame tu.

Kujumlisha, kutoa na kuzidisha ni sawa. Kitufe cha kugawanya bado kinakwama hata baada ya kusafishwa kwa spiriti. Taa ya kushoto kabisa, 8 yake inawaka nusu. Kuiacha iwake muda mrefu kumesaidia kidogo, chini bado giza. Natafuta taa nyingine.